Mbwa wa Bwana na Mbwa wa Mkulima

Kila tarehe 26 Desemba, vyama vya uwindaji vya Uingereza hukusanya mbwa na farasi vijijini, na wanachama huuita mkusanyiko huo urithi wa jamii nzima. Historia inakataa. Sheria ya mwaka 1671, iliyotungwa na Bunge la wenye ardhi, ilimzuia kufuga mbwa wa kuwindia mtu ambaye ardhi yake haikumwingizia pauni 100 kwa mwaka. Warithi wa mabwana, bila shaka, walisamehewa. Nyumba za wanyonge zilipekuliwa, mbwa wao wakachukuliwa. Masharti hayo ya mali yaliondolewa mwaka 1831 tu. Mwaka 2002, marufuku ya kuwinda kwa mbwa ilipokaribia, watu zaidi ya laki nne waliandamana London kutetea uhuru, neno ambalo wakulima wa 1671 wangeshangaa kulisikia likitoka upande huo.