Wembe na Ngozi katika Nchi ya Unyamwezi

Wembe wa zamani wa Unyamwezi ulitokana na chuma kile kile cha jembe. Majembe yalitoka Usumbwa na Usinja, kaskazini ya Tabora, ambako wahunzi wa jamii ya Warongo waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto. Majembe hayo yaliuzwa Tabora, na mengine wapagazi waliyabeba hadi Ugogo. Kipande kidogo cha chuma hicho, kikifuliwa mpaka kikawa chembamba, kilitosha kwa wembe.

Chuma cha tanuru za udongo kwa kawaida ni laini. Hunoleka upesi, lakini makali yake hayakai, hivyo kinoo hakikuweza kuwa mbali na mnyoaji. Ustadi wote wa kunyoa bila kuumiza ulianzia hapo, kwa sababu wembe butu haukati unywele bali huuvuta, na ngozi inayovutwa ndiyo inayochanika. Maji yalilainisha nywele kwanza, vidole vikanyoosha ngozi, na mkono ukapita kwa wepesi. Samli, mafuta ya karanga au ya mbarika yalirudisha ulaini uliokwanguliwa na chuma.

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, jirani na Tabora ya leo, pamoja na mwenzake Speke tarehe 7 Novemba 1857, aliandika kwamba wanaume wengi wa Kinyamwezi na karibu wanawake wote waliondoa kope, na kwamba malaika ya mwilini yalionekana kwa nadra. Burton alikuwa na dharau nyingi kwa watu aliowaeleza, lakini katika jambo hili ushahidi wake una thamani: unaonyesha kuwa kuondoa nywele kulikuwa pambo la waume kwa wake muda mrefu kabla ya bidhaa za viwandani. Kichwa nacho kilinyolewa wakati wa msiba. Mguu ulikuwa na pambo lake tofauti, yaani sambo, vikuku vya waya mwembamba vilivyopangwa kwa wingi juu ya kifundo.

Waislamu wa pwani waliofuata misafara na kukaa Tabora walikuja na taratibu nyingine. Mtoto hunyolewa kichwa siku ya 7, na nywele za kwapa na za sehemu za siri haziachwi kupita siku 40. Katika maandalizi ya arusi za Waswahili, kumsafisha mwari nywele za mwili na kumsugua singo ni kazi ya kungwi au somo wake. Kunyoa huko kulifanywa na mkono wa mtu mwingine, aliyezoea, na hilo lilikuwa kinga kubwa dhidi ya mikato.

Kiwanda kiliihamisha kinga hiyo kutoka mkononi kwenda kwenye chombo. King C. Gillette wa Marekani alianza kuuza wembe wake wa salama mwaka 1903, ukiwa na bapa jembamba la kutumika na kutupwa. Mwaka 1915 kampuni yake ilitoa wembe wa wanawake, nguo zilipokuwa zikifupishwa na kwapa kuonekana, miguu ikafuata. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kuanzia hapo bidhaa za meli hazikuhitaji tena bega la mpagazi. Bapa la kiwandani ni la chuma kigumu kisichohitaji kinoo, na mtu aliweza kujinyoa mwenyewe faraghani.

Lakini bapa la bei nafuu lilitumiwa na wengi mpaka likaisha makali. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania kugunduliwa Kagera mwaka 1983, elimu ya afya ilisisitiza kila mtu awe na wembe wake, ili damu ya mmoja isimfikie mwingine.

Kwa wanaonyoa miguu, tatizo linalobaki ni vipele. Unywele uliojipinda ukikatwa karibu mno hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, nayo huvimba. Hutokea zaidi wembe ukiwa butu, ukikandamizwa, au ukipitishwa kinyume na nywele zinavyolala. Kinachosaidia ni maji ya vuguvugu kwa dakika chache, povu la sabuni, bapa jipya lisilokandamizwa na kufuata mwelekeo wa nywele, hasa kwenye goti na muundi ambako mfupa uko karibu na ngozi. Baadaye miguu huoshwa kwa maji baridi na kupakwa mafuta yasiyo na manukato.