Kinanda cha mdomo cha mtumba: jinsi ya kukisafisha na kukitunza

Ukikipata kinanda cha mdomo chenye kitufe pembeni sokoni Mpanda, au ukaletewa na ndugu kutoka mbali, usikimbilie kukipuliza. Kimepita midomo ya watu usiowajua. Na wewe ukikisafisha kwa pupa, unaweza kukiharibu kabisa siku ya kwanza. Hapa tunaeleza hatua kwa hatua.

Kilivyoundwa

Aina iliyozoeleka ina matundu 12. Kila tundu hutoa sauti nne: ya kupuliza, ya kuvuta pumzi, na hizo mbili tena ukibonyeza kitufe, ambacho hupandisha sauti kwa nusu. Ndiyo maana ndani kuna ndimi 48 za madini. Kwa mwalimu wa kwaya, faida yake ni kwamba anaweza kutoa sauti ya kuanzia wimbo katika ufunguo wowote.

Kagua kabla ya kulipa

Bonyeza kitufe: kinatakiwa kurudi chenyewe. Kitikise taratibu: kikilia kama kokoto, kuna kitu kimelegea au kimekatika. Muombe muuzaji afungue mfuniko, uangalie kama kuna kutu au ufa. Kitufe kilichoganda kwa uchafu si tatizo kubwa, lakini ulimi uliokatika unahitaji fundi na kipuri ambacho si rahisi kupatikana.

Kusafisha

1. Nawa mikono, tandika kitambaa cheupe mezani, kisha tafuta bisibisi ndogo inayoenea vizuri.

2. Fungua skrubu mbili za sehemu ya mdomo. Kabla ya kutoa kila kipande, kipige picha kwa simu yako. Angalia hasa springi ya kitufe. Ni ndogo na huruka.

3. Osha sehemu ya mdomo na kile kibati chenye matundu kinachosukumwa na kitufe. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini mpya. Suuza, kausha, kisha futa sehemu za chuma kwa spiriti ya kusafishia vidonda. Iache ikauke kabisa, mbali na moto.

4. Usikitumbukize kinanda kizima kwenye maji. Vingi vya zamani vina kiini cha mbao. Mbao ikilowa huvimba, ikikauka hupasuka, na pumzi huanza kuvuja.

5. Usichokonoe ndimi kwa pini wala sindano. Mkwaruzo mdogo hubadilisha sauti. Kama kuna vumbi, elekeza matundu chini na ukipigepige taratibu kiganjani.

6. Rudisha vipande kwa kufuata picha zako. Kile kibati kikiwekwa juu chini, sauti za kitufe zitatoka kabla hujabonyeza. Kaza skrubu kidogo kidogo, kwa zamu. Ukizikaza mno, kitufe kitaganda.

Usitie mafuta ya cherehani, mafuta ya taa wala dawa ya klorini. Mafuta hukamata vumbi, nayo klorini hula madini.

Utunzaji wa kila siku

Sukutua mdomo kabla ya kupiga, hasa ukitoka kula au kunywa soda. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, kishike kwanza viganjani dakika chache. Pumzi ya moto ikikutana na chuma baridi hufanya unyevu, na vile viplastiki vyembamba vinavyoziba hewa kwenye ndimi hunata. Ukisikia sauti inakwama au inavuma, mara nyingi chanzo ni hicho, wala si ulimi mbovu.

Ukimaliza, kipigepige kutoa mate, kifute, ukiache kwenye kivuli mpaka kikauke ndipo ukifungie kwenye boksi lake. Ukikifunga kwenye mfuko wa plastiki kikiwa na unyevu, unaalika kutu na ukungu. Kiangazi, barabara zetu zinapotoa vumbi, usikibebe mfukoni bila kukifunika.

Mwisho, kinanda hiki hakiazimwi ovyo. Mwenye mafua au vidonda mdomoni asikipige. Na kwenye kwaya, ni bora apatikane mpigaji mmoja tu. Wengine wasikilize sauti na kuifuata.