Turbo haivuti? Anza na mpira

Wadau, turbo ni ya zamani. Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905. Safari Rally ikasubiri hadi 1984, Björn Waldegård aliposhinda na Toyota Celica ya turbo. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda na Subaru Impreza.

Leo Impreza na Forester za mtumba zinaunguruma Kinondoni na Temeke. Ikikosa nguvu, usikimbilie kununua turbo nyingine. Kanuni ni ile ile ya Büchi: moshi unazungusha feni, feni inasukuma hewa kwenye injini. Hewa ikivuja njiani, presha inashuka.

Fundi akague kwanza mipira na klipu zake, halafu wastigeti, ile vali ya kupunguza moshi, isije ikawa imekwama wazi. Mpira ni bei chee. Turbo inakula mshahara.