Silikanti au Gombesa?

Wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, hawakungoja kamati ya istilahi ndipo wamwite usipa kwa jina lake. Waliomvua kila siku ndio waliompa jina, nalo likapanda pamoja na samaki mkavu hadi milimani Umatengo. Lakini samaki asiyevuliwa hupewa jina na nani? Swali hili limo katika historia ya silikanti, samaki wa bahari ya kina kirefu.

Wataalamu walimjua kwanza kwa visukuku tu, wakidhani kwamba kizazi chake kilikoma zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Desemba 1938 alivuliwa mmoja karibu na East London, Afrika ya Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji huo, alimwona miongoni mwa samaki wa meli ya uvuvi, na J.L.B. Smith akamwita Latimeria kwa heshima ya bibi huyo. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952. Hapo ikafahamika kuwa Wakomoro walimjua tangu zamani, wakimwita gombesa. Wao walivua usiku kwa mshipi mrefu. Naye gombesa hushinda mchana katika mapango ya miamba, aghalabu mita 100 hadi 300 chini, kisha usiku hutoka akaelea taratibu akitafuta samaki na ngisi. Chambo kilimkuta akiwa katika windo lake, naye akapata jina.

Kwetu Tanzania alinaswa mwaka 2003 Songo Mnara, Kilwa, na tangu 2004 mara nyingi huko Tanga, hasa Kigombe, katika majarife yaliyotegwa maji marefu kwa ajili ya papa. Kwa kuwa hapakuwa na jina lililoenea, likachukuliwa la Kizungu lenye asili ya Kigiriki, maana yake mwiba wenye uwazi ndani. Mwaka 2009 likaingia katika jina la hifadhi ya bahari ya Tanga.

Sina ugomvi na silikanti. Latamkika vizuri, na watu wamelizoea. Hata hivyo, mwenye kusanifu istilahi hupaswa kutazama kwanza lugha zilizo ndugu kabla ya kwenda Ugirikini, na Kikomoro ni ndugu wa karibu mno. Kamusi zetu zingefaa kuyaandika yote mawili, gombesa likitangulia. Ama "kisukuku hai", ningependa liachwe: kisukuku hakizai, na samaki huyu huzaa watoto walio hai, ambao hukua polepole sana, nao hunaswa majarifeni.