Mashine Hukata, Jicho Hupanga

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hukipita mara nyingi kwa siku bila kukitazama. Nacho ni maandishi ya kibao.

Jambo hili lilinijia huko Mponde, kwenye milima ya Usambara, katika eneo la Bumbuli. Asubuhi moja nilikuwa nasubiri gari mbele ya mgahawa mdogo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai, hata ng'ambo ya barabara haionekani vizuri. Kijana mmoja alikuwa juu ya ngazi akibandika herufi za plastiki, zile zenye gundi nyuma, zilizonunuliwa mjini zikiwa zimekwisha kukatwa. Kibao kilitakiwa kusomeka CHAI NA MAANDAZI. Alipomaliza neno la kwanza, herufi C ikajikunja na kudondoka. Ikabaki HAI. Watu wakacheka.

Mzee mmoja aliyeketi barazani hakucheka. "Umebandika umande, mjukuu wangu," akasema. Kijana akashuka, akamwamkia shikamoo, akamwomba amwelekeze. Kumbe mzee yule katika ujana wake alikuwa mchoraji wa mabango kwa brashi.

Ndugu msikilizaji, kazi ya mzee yule ina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Mji wa Lushoto wenyewe uliwahi kuandikwa Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wa Wajerumani. Waingereza walipouteka mwaka 1916 jina hilo halikudumu, na Lushoto ikarudi. Mwaka 1961 tukapata Uhuru, na mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar zikaungana, ikazaliwa Tanzania. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki ya kigeni yakataifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara ikashika mahali pake. Kila mara nchi ilipogeuka, mtu fulani alilazimika kupanda ngazi na kopo la rangi ili kufuta jina moja na kuandika jingine. Vitabu vya historia vinawataja walioamua. Aliyepanda ngazi havimtaji.

Mchoraji huyo hakuwa mpaka rangi tu. Alijua kwamba herufi O ikilingana na H kwa rula, jichoni itaonekana fupi, kwa hiyo aliizidisha kidogo juu na chini. Alijua kwamba H na I zina kuta zilizosimama, hivyo zikikaa pamoja zinahitaji nafasi, lakini A na V zina miteremko na zinaweza kusogeleana. Nafasi kati ya herufi alikuwa akiipima kwa jicho, wala si kwa sentimeta.

Kisha ikaja mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Gerber ya Marekani ilileta mashine ya kukata herufi za vinaili kwa kuongozwa na kompyuta. Mwanzilishi wake, Joseph Gerber, alizaliwa Vienna, akakimbilia Marekani akiwa kijana Myahudi aliyenusurika na mateso ya Wanazi. Teknolojia hiyo ikaenea duniani, ikafika na kwetu. Leo majina kwenye milango ya malori, kwenye vioo vya maduka na kwenye vibao vya ofisi mengi ni ya kubandika. Herufi zatoka safi, zote sawasawa, na kazi ya siku nzima yamalizika kwa saa moja. Hayo ni maendeleo, na mimi siyapingi.

Lakini mashine hukata tu. Haijui kama bati lina umande, wala haijui kama ukingo wa kibao umepinda. Na hapo ndipo mzee wa Mponde alipoanza somo lake.

Kwanza alingoja jua litoke. Kisha akalifuta bati kwa kitambaa chenye spiriti, akaliacha likauke kabisa, kwani gundi haishiki kwenye maji, vumbi wala mafuta, na baridi huifanya iwe nzito kushika. Pili, akachukua uzi aliousugua chaki, akauvuta na kuupiga juu ya bati ukaacha mstari mweupe. Hakupimia kutoka ukingo wa chini, maana bati lilikatwa kwa mkono. Herufi zingefuata upinde wa ukingo, na kibao chote kingeonekana kimelewa.

Tatu, akazipanga herufi zote mstarini kabla ya kubandua hata moja, kila moja akiishika juu kwa kipande cha utepe wa karatasi. Akamtuma kijana asimame ng'ambo ya barabara, pale anapopita mteja, aseme anaona nini. "A imejitenga," kijana akapiga kelele. Ikasogezwa. Nne, akainua herufi moja moja kama mlango kwenye bawaba, akabandua karatasi ya nyuma, akailaza taratibu na kuisugua kwa kitambulisho chakavu kuanzia juu kwenda chini ili hewa itoke. Palipobaki kipovu akakitoboa kwa pini. Hadi saa sita kibao kilikuwa kinasomeka vizuri, na kijana alikuwa amejifunza kazi.

Nilipoondoka nilifikiri juu ya kiwanda cha chai cha Mponde. Kiwanda hicho kilibinafsishwa mwaka 1999; mwaka 2013 kikafungwa kufuatia mgogoro uliowahusu wakulima; mwaka 2016 Serikali ikakirudisha mikononi mwake, na baadaye kikakabidhiwa mifuko ya hifadhi ya jamii ili kifufuliwe. Kwa mkulima mdogo anayebeba majani mabichi kichwani, jina la mwenye kiwanda si pambo la langoni. Ndilo linalomwambia nani atampimia na nani atamlipa. Miaka ile ya kufungwa, majani yalikosa pa kwenda.

Hapa ndipo penye funzo letu la leo. Zamani kuandika jina kulikuwa kazi nzito, na uzito huo ulimfanya mwenye jina afikiri mara mbili. Sasa jina huweza kubandikwa asubuhi na kubanduliwa jioni. Wepesi huo usitufanye tusahau kwamba kibao ni ahadi: anayeweka jina lake juu ya mlango anasema yupo na atajibu akiulizwa.

Kadhalika nawaomba vijana wenye mashine hizi mijini: watafuteni wazee wa brashi wangali hai. Wanachokijua hakimo ndani ya kompyuta yenu, nao hawadai ada kubwa. Yule wa Mponde alilipwa chai na maandazi mawili.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.