Ndimu, Limau na Sumu ya Kunywa

Kireno kina neno *sumo*, maji yaliyokamuliwa kwenye tunda. Wareno huifinya ile *o* ya mwisho ikawa *u*. Basi mtu wa Mtwara akivuka Ruvuma hadi Mbau, wilaya ya Mocímboa da Praia, akakaribishwa *sumo de limão*, atasikia kwamba anamiminiwa sumu. Maneno hayo mawili hayana undugu wowote, lakini nenda kamwambie hivyo mtu aliyekwishashika bilauri.

Upande ule maneno hugongana kila siku: Kimwani cha pwani, Kimakonde cha bara, Kireno cha shule na ofisi, na Kiswahili kinachopita mpakani pamoja na biashara. Kuna *sharubati*, iliyotoka kwenye shina la Kiarabu lenye maana ya kunywa. Shina hilohilo liliwapa Wareno *xarope*, nayo ni dawa ya kikohozi. Ndugu wawili, mmoja kakaa karamuni, mwingine zahanati.

Tunda lenyewe lina safari ndefu zaidi. *Limau* tumelipata kwa Wareno, kwenye *limão*, kama tulivyopata meza na bendera. Wareno walilitoa kwa Waarabu, na Waarabu kwa Waajemi waliosema *limu*. Yaani neno la jirani zetu wa ng'ambo ya bahari lilikwenda Ureno, likazunguka Afrika nzima kwa jahazi, ndipo likatufikia. Na *ndimu*? Mimi naisikia *limu* ileile, safari hii kwa njia ya mkato. Weka *n* mbele ya *l* uone: ulimi, ndimi. Basi limau na ndimu ni neno moja lililoingia nyumbani kwa milango miwili, nasi tukaligawia kazi: ndimu ni ile ndogo ya ganda jembamba, limau ni lile kubwa lenye ganda nene.

Kwa joto la Novemba, kabla mvua hazijashuka, mimi hushika ndimu. Naibingirisha mezani kwa kiganja ilainike, naikata, naikamua. Sukari naiyeyusha kwanza kwa maji ya moto kidogo iwe shira, maana ndani ya maji baridi hujilalia chini ya jagi. Chumvi chembe mbili tatu, halafu maji ya mtungini. Kiswahili kinanifurahisha hapa: ndimu ni kali na jua ni kali, neno moja kwa ulimi na kwa utosi. Uchungu ni jambo jingine kabisa. Ndimu kali ndiyo tunayoitaka; ikiwa chungu, mkamuaji kakosea.

*Limonadi* silipendi, linanukia chupa na kizibo. Nasema maji ya ndimu, na BAKITA wakitaka istilahi nzito zaidi watanisamehe. Ningependa zaidi watutafutie jina la kile kitu cheupe kilichopo kati ya ganda na nyama ya tunda, maana ndicho kinacholeta uchungu ukikamua kwa pupa. Ganda si lenyewe, na utando ni wa buibui. Jikoni nasema tu "usifike kwenye ule weupe", na hadi leo hakuna aliyeniuliza weupe upi.