Miji ya Mlima Kenya Imekaribiana, Tawala Zake Bado

Nyeri ilianza kama kambi ya jeshi. Mwishoni mwa 1902, baada ya kuwapiga watu wa Tetu, kikosi cha Mwingereza Richard Meinertzhagen kilijenga ngome karibu na kilima cha Nyeri. Kambi ikawa boma, na boma likakua hadi kuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati.

Majirani zake walikuzwa na reli. Njia iliyotoka Thika ilipitia Karatina, ikaiacha Nyeri kando kwa kuipa stesheni ya Kiganjo, kisha ikaishia Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Karatina ilikausha mboga za kulisha wanajeshi.

Biashara iliiunganisha miji hii, utawala ukaitenga. Kuanzia 1925 Waafrika waliwekewa mabaraza yao, na walowezi wakawa na yao. Baada ya uhuru, Nanyuki ilihesabiwa Bonde la Ufa, ilhali Kieni, ng'ambo tu ya mpaka, ilikuwa Mkoa wa Kati. Nyeri na Karatina zilikuja kuwa manispaa, Othaya ikapata baraza la mji, na mashambani kukabaki chini ya baraza la kaunti. Kila baraza lilikuwa na madiwani wake na likakusanya ushuru wake.

Nairobi ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2008 serikali iliunda wizara ya eneo la jiji kuu, ipangie Nairobi pamoja na majirani kama Thika, Ruiru na Mavoko. Lakini mabaraza yalibaki na mameya na bajeti zao. Wizara haikuvuka 2013, mwaka ambao mabaraza yenyewe yalivunjwa na kaunti zikashika usukani.

Leo manispaa huongozwa na bodi chini ya kaunti, kwa mujibu wa sheria ya miji ya 2011. Marekebisho ya 2019 yalishusha kiwango cha wakazi wanaohitajika kutoka 250,000 hadi 50,000, hivyo mlango ukafunguka kwa miji midogo.

Tatizo ni mipaka. Mkulima wa Kieni akipeleka vitunguu Karatina, ushuru wa soko unaingia kaunti ya Nyeri; akivipeleka Nanyuki, unaingia kaunti ya Laikipia. Lakini barabara ya shambani kwake, anayoitumia kwa safari zote mbili, ni mzigo wa Nyeri peke yake. Nanyuki nayo inapanuka kuelekea Nyeri na Meru, na taka na maji machafu hayaulizi kaunti.

Dawa imo katika Katiba. Kifungu cha 189 kinaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Magavana wa eneo hili tayari hukutana katika jumuiya ya kiuchumi ya kaunti kumi. Waanze na Nanyuki: mamlaka moja ya maji, taka na mipango ya ardhi, yenye bajeti inayochangiwa na Laikipia, Nyeri na Meru. Bila bajeti hiyo, itakuwa kikao kingine cha chai.